Jiko Linapokosa Pumzi

Na Mwalimu Mstaafu, Malvern



Mwezi huu nimeombwa na akina mama watatu, kila mmoja kwa wakati wake, niandike juu ya yale majiko ya umeme yenye uso wa kioo, ambayo huwashwa kwa kugusa kwa kidole na ambayo mara nyingine hujizima yenyewe bila kuaga. Watu huyaita majiko ya indaksheni. Wengi wetu hapa Malvern tunayo. Katika nyumba ambamo kila chumba kina familia yake, na jikoni ni kumoja au hakuna kabisa, jiko dogo la namna hiyo linalowekwa juu ya meza na kuhifadhiwa chini ya kitanda usiku limekuwa msaada mkubwa. Kwa hiyo linapoharibika, haliharibiki jiko peke yake. Huharibika pia chakula cha watoto, na mara nyingine riziki ya nyumba nzima.

Nitaeleza hitilafu moja tu, nayo ni ile ya feni iliyomo ndani ya jiko. Nimeichagua kwa kuwa hutokea mara nyingi, na kwa kuwa mtu asiye fundi anaweza kuitambua, na pengine kuiondoa, maadamu anajua pia mahali pa kukoma.

Habari ya jirani yangu

Jirani yangu mmoja, mama wa kutoka Uvira, hupika maharagwe, wali na chapati, akawauzia mafundi wa magari wa barabara ya Jules. Asubuhi moja alinigongea mlango kabla sijanywa chai. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekesha.

"Mwalimu," akasema, "jiko yangu imekufa kabisa."

Nikamwuliza limekufaje. Akanieleza kwamba huwaka vizuri, lakini baada ya dakika mbili au tatu hulia, huonyesha herufi na tarakimu, kisha huzima. Ukisubiri nusu saa, huwaka tena, na baada ya dakika mbili hulia tena. Alikuwa amelipeleka kwa fundi mmoja, akaambiwa kwamba bodi yote imeungua na kwamba gharama ya kuibadilisha inakaribia bei ya jiko jipya. Hakuwa na fedha hizo. Alikuwa amekwisha kulitoa jiko lake la zamani la mafuta ya taa, nalo lilikuwa sakafuni karibu na godoro la watoto, katika chumba kilichotengwa na cha jirani kwa ubao mwembamba.

Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili si dogo. Wakazi wa Johannesburg hatujasahau usiku wa tarehe 31 Agosti 2023, jengo la Usindiso pale Marshalltown lilipoungua na watu 76 wakapoteza maisha, wengi wao wahamiaji kama sisi. Moto ule haukuanzishwa na jiko la aina hii, wala siutaji ili kumtisha mtu. Nautaja kwa sababu ulituonyesha jinsi moto unavyokimbia katika nyumba zilizogawanywa vyumba kwa mbao na maturubai. Mama yule alikuwa ameyaacha mafuta ya taa kwa hiari yake, kwa ajili ya wanawe. Sasa alikuwa akirudishwa huko na kitu nisichokijua bado.

Nikamwambia, "Mama, jiko lililokufa haliwaki tena baada ya nusu saa. Hili lako halijafa. Limechoka kwa joto. Niletee."

Jiko hili hufanyaje kazi?

Mwaka 1831 mwanasayansi Mwingereza, Michael Faraday, alithibitisha kwamba sumaku inayobadilikabadilika huzaa umeme katika chuma kilicho karibu nayo. Jiko la indaksheni limejengwa juu ya kanuni hiyo. Chini ya kioo kuna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa kama ukili wa mkeka. Umeme wa nyumbani hubadilisha mwelekeo wake kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Jiko huubadilisha umeme huo, likaupeleka kwenye koili kwa mizunguko zaidi ya 20,000 kwa sekunde. Sumaku inayotokea hupenya kioo na kuzaa mikondo ya umeme katika tako la sufuria ya chuma, na sufuria yenyewe ndiyo inayopata moto. Kioo hupata joto kwa sababu tu kimekaliwa na sufuria.

Kazi ya kuukatakata umeme kwa kasi hiyo hufanywa na transista moja au mbili zenye nguvu, zilizokazwa kwenye bamba la alumini lenye mapezi. Hakuna mtenda kazi asiyetokwa na jasho. Jiko likitumia wati 2,000, hata zikipotea ndani yake sehemu 5 tu katika 100, hizo ni wati 100. Chukua balbu ya zamani ya wati 100, iwashe, kisha uifungie ndani ya kisanduku cha plastiki chenye unene wa vidole vinne. Baada ya dakika chache kitakuwaje?

Ndiyo maana kila jiko la namna hii lina feni. Huvuta hewa kutoka chini, ikaipitisha katikati ya mapezi ya alumini na kuitoa nyuma au ubavuni. Feni ndiyo pafu la jiko. Karibu na transista kuna kidude kidogo kinachopima joto, na kingine kiko chini ya kioo. Joto likipita kiasi, vidude hivyo huamuru jiko lizime kabla transista haijaungua. Kwa hiyo jiko linalojizima baada ya dakika mbili aghalabu linajilinda, linaomba hewa. Mtu asitafute njia ya kukiziba kinywa kilinzi hicho, kwa maana hapo ndipo hasara ya feni itakapogeuka kuwa hasara ya jiko zima.

Kwa nini feni huteseka hapa kwetu

Yapo mambo ya mahali hapa ambayo kitabu cha maelezo ya jiko hakiyataji.

La kwanza ni mwinuko. Johannesburg iko kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa kadiri ya sehemu moja katika sita. Feni ile ile, ikizunguka kwa kasi ile ile, hupitisha hewa pungufu, na hewa pungufu hubeba joto pungufu. Zaidi ya hayo, hapa maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi za sentigredi, wala si 100. Kila mama aliyehamia huku kutoka pwani anajua kwamba maharagwe ya hapa hukawia kuiva, akadhani ni ukaidi wa maharagwe yenyewe. Kumbe ni maji. Basi jiko hukaa motoni kwa muda mrefu zaidi, na hewa ya kulipoza ni kidogo zaidi.

La pili ni vumbi. Kusini yetu kuna vilima vya mchanga wa manjano vilivyoachwa na machimbo ya dhahabu. Upepo wa Agosti unapovuma, mchanga ule laini huingia kila mahali, hata ndani ya kabati lililofungwa. Feni huuvuta siku nzima.

La tatu ni kazi zetu wenyewe. Anayekanda unga wa chapati kando ya jiko hupeperusha unga, na anayekaanga hutoa mvuke wa mafuta. Unga na mafuta vikikutana juu ya mapanga ya feni hugeuka gundi. Mende nao hupenda mahali penye giza, joto na harufu ya chakula, na tumbo la jiko lina vyote vitatu.

La nne ni kukatika kwa umeme. Mgao wa umeme uliotusumbua tangu mwaka 2007, ukawa mbaya kuliko wakati wote mwaka 2023, ulisimamishwa mwezi Machi 2024, ukarudi kwa vipindi vifupi mwaka 2025. Hata pasipo mgao, umeme wa mitaani hukatika. Umeme unapokatika katikati ya upishi, feni husimama papo hapo, ilhali sufuria yenye moto bado imekaa juu ya kioo na kusukuma joto lake chini. Wakati huo ondoa sufuria upesi na uchomoe plagi, ili umeme unaporudi kwa kishindo usilikute jiko likiusubiri.

Kuchunguza bila kufungua

Ndugu msomaji, kabla ya kushika bisibisi, tumia kwanza masikio na macho. Nilifanya hivi na jiko la jirani yangu, nawe unaweza kufanya vivyo hivyo.

Kwanza, liweke mezani na sufuria yenye maji, uliwashe. Sikiliza. Feni huanza kuvuma mara moja au baada ya sekunde chache. Weka kiganja karibu na matundu ya kutolea hewa. Je, unahisi upepo? Ukisikia mkwaruzo, feni imekauka beringi au imegusana na kitu. Ukisikia kimya, feni haizunguki. Jiko la mama yule lilikuwa kimya.

Pili, pima muda. Jiko likikataa mara tu unapoliwasha, huku likilia kila sekunde chache, huenda halijaiona sufuria. Jaribu sumaku chini ya sufuria. Isiponata, sufuria haifai kwa jiko hili na jiko halina kosa. Jiko likifanya kazi kwa dakika kadhaa kisha likazima, na likikubali tena baada ya kupoa, shuku feni au njia ya hewa.

Tatu, tazama herufi na tarakimu zinazoonyeshwa, uziandike. Kila kampuni ina orodha yake, na alama ile ile yaweza kuwa na maana mbili tofauti katika majiko mawili. Tazama kijitabu cha jiko lako, usitegemee cha jirani.

Nne, angalia mahali jiko linapokaa. Wengi wetu hutandika chini yake gazeti, kitambaa au nailoni ili meza isichafuke. Feni ikivuta hewa, nailoni huinuka na kuziba matundu yote. Jiko likae juu ya kitu kigumu na kitupu, miguu yake ikionekana, na liwe mbali na ukuta kwa kadiri ya kiganja kimoja. Wapo waliolipa fundi kwa kosa la kitambaa.

Kufungua na kusafisha

Kama jiko ni jipya na halijatimiza miezi sita tangu lilipotoka dukani, soma sehemu ya mwisho ya makala haya kwanza, usilifungue.

Kama si jipya, chomoa plagi. Nasema kuchomoa, kuzima swichi hakutoshi. Subiri dakika kumi, kwa sababu ndani kuna kapasita inayoweza kuhifadhi umeme wa volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kutoka. Kisha lipindue juu ya taulo, ufungue skrubu za chini, uziweke kwenye kisahani. Usiguse bodi kwa vidole wala kwa chuma. Wala usilichomeke jiko likiwa wazi, hata kwa nukta moja "ili tuone tu", kwa kuwa sehemu nyingi za ndani, pengine hata bamba la alumini, huwa na umeme wa njia kuu. Watoto watoke chumbani.

Tulipolifungua la jirani yangu, tulikuta utando wa rangi ya kahawia umefunika mapezi, mende wawili wakavu, na feni iliyogandamana na unga. Mama alijifunika uso kwa aibu. Nikamwambia kwamba aliye safi ndiye anayepika, na anayepika ndiye anayerusha unga. Tukachukua brashi kavu ya rangi na mswaki, tukasugua taratibu. Wapo wanaopelekea jiko mafundi wa magari lipulizwe kwa kompresa. Si vibaya, lakini shikilia mapanga ya feni kwa kidole, maana upepo wa kompresa huizungusha kwa kasi isiyoiweza. Maji na sabuni visikaribie kabisa.

Baada ya kusafisha, zungusha feni kwa kidole. Feni nzima huendelea kuzunguka kidogo baada ya kuiacha. Ikisimama hapo hapo kama inayoshikwa, beringi zimekauka. Tone moja la mafuta ya cherehani katikati, chini ya lebo, laweza kuirudishia uhai kwa wiki kadhaa. Yasiwe mafuta ya kupikia, kwani hayo huganda. Na hata hivyo jua kwamba umeazima muda tu. Anza kutafuta feni nyingine.

Ikiwa inazunguka vizuri kwa kidole lakini jiko bado liko kimya, ichomoe feni kutoka kwenye bodi na uijaribu peke yake kwa betri ya volti 12, waya mwekundu kwenye upande wa chanya na mweusi kwenye hasi. Ikizunguka, hata polepole, feni ni nzima na kasoro iko kwenye plagi yake ndogo au kwenye bodi inayoilisha. Plagi iliyolegea utaikaza mwenyewe. Bodi ni ya fundi. Isipozunguka, feni imekufa.

Ya jirani yangu ilikuwa imekufa.

Kosa langu mwenyewe

Sasa nitaeleza jambo ambalo ningependa kulificha, lakini litawafaa wengine. Nilifundisha fizikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Nina feni kadhaa nyumbani, nilizozitoa katika kompyuta zilizotupwa. Nilimwona mama anavyohangaika na chakula cha mchana cha wateja wake, nikachukua feni moja iliyolingana na ile kwa upana na matundu ya skrubu, nikaiunga, nikalifunga jiko. Likawaka. Upepo ulikuwa mkali kuliko nilivyotarajia, na mvumo wake ulikuwa wa juu. Nilifurahi. Mama alinitumia chapati nne kwa mkono wa mwanawe.

Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi. Alikuwa na oda ya sherehe, na maharagwe yalikuwa nusu ya kuiva. Jiko likalia, likaonyesha zile zile herufi, likazima. Alikuja mlangoni bila kusema neno, akiwa na mwiko mkononi. Tulimalizia maharagwe yale kwenye jiko langu, nami sikumtazama usoni.

Jioni nililifungua tena. Feni niliyoiweka ilikuwa imeungua, nayo ilinuka. Nikaitoa ile ya zamani kwenye ndoo ya takataka, nikaifuta lebo yake kwa kitambaa chenye spiriti, jambo nililopaswa kulifanya tangu siku ya kwanza. Chini ya mafuta yaliyoganda paliandikwa volti 18. Feni za kompyuta ni za volti 12. Niliilisha feni mara moja na nusu ya chakula chake, ndiyo maana ilivuma kwa furaha na kufa mapema. Miaka yote niliwaambia wanafunzi wangu wasome swali mara mbili kabla ya kujibu. Mimi sikulisoma hata mara moja.

Kilichotuokoa ni kile kidude cha kupima joto. Kilizima jiko kabla transista haijadhurika. Ningalikuwa nimekiondoa, kama wafanyavyo baadhi ya watu ili jiko "lisisumbue", mama yule angalipoteza jiko kwa mkono wa mtu aliyemwamini.

Kuchagua feni ya kubadilisha

Kwa hiyo, unapokwenda katika duka la vipuri, chukua feni ya zamani mkononi, ikiwa imesafishwa, na ulinganishe mambo manne.

Volti zilizoandikwa kwenye lebo ziwe zile zile. Majiko mengi hutumia 12 au 18, na haziazimani.

Upana, unene na nafasi ya matundu ya skrubu viwe sawa. Feni nene kupita kiasi itagusa kifuniko.

Idadi ya nyaya iwe sawa. Feni ya nyaya tatu hutumia waya wa tatu kuiarifu bodi kwamba inazunguka. Ukiweka ya nyaya mbili mahali pake, jiko litaamini kwamba halina feni, nalo litagoma.

Mwelekeo wa upepo uwe ule ule. Kabla ya kuitoa ya zamani, weka alama ya kalamu upande unaotazama chini. Feni iliyogeuzwa itazunguka vizuri huku ikipuliza hewa isikotakiwa.

Feni ya volti 18 tuliipata mjini. Haikufika hata sehemu ndogo ya bei ya bodi aliyotajiwa. Jiko linafanya kazi hadi leo, na mvumo wake ni wa chini, kama inavyostahili.

Mahali pa kukoma

Ndugu zangu, ushujaa una mpaka. Ukifungua jiko ukakuta fyuzi imekatika, usibadilishe fyuzi peke yake na kuwasha. Aghalabu fyuzi hukatika kwa sababu transista imekwisha kuungua, na fyuzi mpya itakatika vivyo hivyo, pengine kwa mlipuko. Usiweke waya mahali pa fyuzi kamwe. Ukiona sehemu nyeusi, kapasita iliyovimba, kioo chenye ufa, au ukinusa harufu ya plastiki iliyoungua, funga na umpelekee fundi. Kioo chenye ufa huruhusu maji ya chakula kufika penye umeme.

Na ukienda kwa fundi, mweleze ulichokiona na kukisikia: "Feni haizunguki, inazima baada ya dakika mbili, ikipoa huwaka." Fundi mwaminifu atafurahi, na asiye mwaminifu atajua kwamba hazungumzi na mgeni.

Kwa matunzo ya kila siku nasisitiza jambo moja. Ukimaliza kupika, zima kwa kitufe na uache plagi mpaka feni isimame yenyewe. Wengi wetu tunaona feni bado inavuma, tunadhani inakula tokeni, tunachomoa. Feni ile hutumia wati chache tu. Unaichomoa wakati ule hasa ambapo jiko lina joto kuliko wakati wote.

Kwa wanaopeleka majiko nyumbani

Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na ndugu wengi wanatuomba majiko ya umeme kutoka huku. Ukipeleka Tanzania, Kenya au Uganda, umeme hautofautiani sana na wa hapa, ila plagi ya Afrika Kusini yenye meno matatu ya mviringo haiingii huko. Ibadilishwe na fundi. Waambie walio pwani kwamba hewa ya chumvi hutia kutu na sisimizi hujenga ndani. Wasafishe matundu mara kwa mara kuliko sisi.

Haki ya mnunuzi

Mwisho, juu ya jiko jipya. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Afrika Kusini, Namba 68 ya mwaka 2008, inampa mnunuzi miezi sita tangu kupokea bidhaa. Ikiwa bidhaa ina kasoro, na hukuiharibu wala kuifungua mwenyewe, unaweza kuirudisha, na uchaguzi ni wako: itengenezwe, ibadilishwe, au urudishiwe fedha. Tunza risiti. Najua wengi wetu huona haya kurudi dukani kwa sababu ya lugha, au kwa kuogopa kuulizwa tunatoka wapi. Jiko lililonunuliwa kwa jasho halina uraia. Nenda na risiti, nenda na mtoto anayejua Kiingereza kama ikibidi, useme kwa upole na usiondoke bila jibu.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jirani yangu alikuwa amekwisha kuuona mwisho wa kazi yake, na kumbe uliokuwapo ni unga, mende wawili na feni moja. Lile jiko la mafuta ya taa amelitoa chumbani.

Mwenye swali aliandike na amwachie mhariri wa jarida hili. Nitalijibu toleo lijalo, nikiwa nimelisoma mara mbili.

Wasalaam.